Aliyekuwa Nyuma ya Diwani

…na huyu naye ni nani, mkono mkubwa, wa baridi, unanuka gundi, theluji imemgandia kwenye masharubu, anasema pole Mheshimiwa, pole sana kwa msiba, naye Malachy Keegan anajibu asante ndugu yangu, asante kwa kuja, ndugu yangu, maana ndugu yangu linamtosha kila mwenye masharubu na mama linamtosha kila mwenye kitambaa kichwani, na kwa maneno hayo mawili amevuka tangu mchana bila kutaja jina la mtu hata mmoja, ameketi sebuleni kwake mwenyewe kama mgeni, kwenye kiti cha jikoni, kulia kwake jeneza, kushoto kwake hakuna mtu, na kushoto ndiko yalikokuwa yakitokea majina, miaka yote hiyo, sikio la kushoto, pumzi ya joto yenye mnanaa na sauti isiyofika popote ila pale ilipotumwa… Havlik, fundi viatu, mtoto ana jicho, habari ya kazi usimuulize… naye anakunjua mikono, Havlik! vipi jicho la kijana? na Havlik anarudi nyumbani akimwambia mkewe, diwani wetu yule hasahau kitu, ana kichwa kama maktaba, kumbe maktaba ilikuwa imesimama nyuma yake, imevaa kofia ya buluu, inatabasamu kama mke wa mtu. Sasa imelala, Delia mkewe. Wamemvalisha ile kanzu ya kahawia ya marehemu wa parokia, rangi aliyoichukia, alikuwa akisema inamfanya mtu afanane na gunia la viazi, lakini Winnie dada yake kasema ndiyo desturi, na desturi haina ofisi ambako mtu angekwenda kulalamika, rozari imezungushwa vidoleni, mishumaa miwili kichwani, kioo kimefunikwa shuka, saa ya ukutani imesimamishwa, jambo ambalo halimsaidii mtu anayesubiri. Asante ndugu yangu. Asante kwa kuja. Anatazama mikono ile yenye rozari, anatazama ukingo wa jeneza, uso bado, uso atautazama baadaye, watu wakipungua, sasa anatazama mlango.

Mzee hajafika. Havlik mwenyewe kapita muda si mrefu, na Malachy kwa kiherehere cha kuonyesha kwamba kitu bado kipo kichwani akamwambia, Havlik! mama yako hajambo? na Havlik akaweka kofia kifuani, akasema kwa upole, mama tulimzika mwezi wa nane, Mheshimiwa, ulikuwepo, ulilia… ulilia, kasema, na mstari mzima ukasikia, na Malachy akasema ndiyo, ndiyo, ndio maana nauliza, jibu ambalo hata katika baraza la jiji lisingepita, na kule yanapita mengi. Tangu hapo amerudi kwenye ndugu yangu. Asante mama. Mungu akubariki mama, ingia jikoni upate chai. Na Mzee hajafika, na kila mtu humu ndani anajua kwamba hajafika, wanaume wamejipanga ukutani na vikombe vyao, wanazungumza habari za theluji na bei ya makaa, lakini kila mlango ukilia shingo zote zinageuka pamoja kama za bata, halafu zinarudi. Mzee Dunphy hana cheo chochote katika jiji la Chicago, ukitafuta jina lake kwenye mlango wa ofisi yoyote ya serikali hulioni, ana duka la makaa ya mawe na chumba kimoja nyuma ya duka, na chumba hicho ndicho kinachozaa mahakimu, zimamoto, wafagia barabara na madiwani, na humo humo ndimo wanamozikwa. Ila Mzee hamwambii mtu kwamba amekwisha, haoni kuwa ni uungwana. Msiba ukikufika ndipo utajua. Akiwa bado yu nawe anakuja kwa miguu yake, anavua kofia mlangoni, anapiga magoti mpaka yanalia, na watu wakiona hivyo wanajua kiti chako kipo. Akiwa amekuchoka analeta maua, na kadiri alivyokuchoka ndivyo maua yanavyokuwa makubwa. Diwani Pender alipofiwa na mama yake kilifika kinubi cha maua meupe, kikubwa, ikabidi mlango ung'olewe ndipo kiingie, na Pender akaanguka chini akalia kilio ambacho hajawahi kulia mtoto, watu wakamshika mabega, jamani, alimpenda mama yake huyu… Na leo ni Jumanne, na Alhamisi chama kinataja wagombea wa uchaguzi wa Februari, na hapa hakuna Mzee wala hakuna maua yake, kuna maua ya zimamoto, kuna ya akina mama wa parokia, kuna shada la wachinjaji lililofungwa utepe mwekundu usiofaa msibani, na Malachy ameshalisoma kila shada kwa pembe ya jicho kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe, na la Mzee halimo.

"Shemeji, kaa vizuri," Winnie anamnong'oneza akipita na sahani ya nyama, "umejikunja kama mtu aliyefumaniwa." Anaketi vizuri. "Kula kitu basi." Amefika? anamuuliza. "Nani?" Unajua nani. Winnie anamtazama kwa macho yale ya kwao, macho ya Delia yaliyotiwa siki, anasema, "Mimi nimekuuliza habari ya kula," na anaondoka, na anapoondoka Malachy anamwona kwenye kona nyuma yake wakili Loftus, kijana wa miaka thelathini na ushei, viatu vinang'aa theluji yote hii, kashika kofia magotini, anahuzunika kwa kipimo kizuri tu, hasalimii mtu na wala haondoki, na watu bila kuambizana wameacha nafasi pande zake zote mbili kama wanavyomwachia nafasi mtu anayetarajiwa kunenepa. Kapteni wa polisi yuko na birika lake. Sheria ya nchi nzima imepiga marufuku kileo, na kapteni ndiye msimamizi wa sheria hiyo kata nzima, basi Winnie anammiminia chai, chai ya rangi isiyotoa moshi, na kapteni kwa kila kikombe anasema, chai nzuri hii dada, mnainunua wapi? na uso wake umeshapata rangi ya utepe wa wachinjaji. Asante ndugu yangu. Asante. Huyu ana kidole kimoja pungufu, kidole kimoja pungufu, huyu ni… alikuwa kwenye machinjio, ni Mlithuania, au ndugu yake ndiye Mlithuania, Delia angesema, Delia angesema kwa maneno manne tu na mtu mzima angesimama mbele yake na ukoo wake wote, na deni lake la shukrani, na mbwa wake.

Alijifunzia kwenye makoti. Alikuja na meli akiwa na miaka kumi na saba, akapata kazi ya kupokea makoti katika jumba la tajiri mmoja kule ufukoni mwa ziwa, karamu ya wageni mia, makoti meusi mia yanayofanana kama kunguru, hakuna vibandiko, mama mwenye nyumba alisema vibandiko ni vya hotelini, basi Delia akashika nyuso, huyu ana chunjua, huyu kalewa kabla ya kuingia, huyu si mkewe huyo, na usiku ukiisha kila kunguru anarudi kwa mwenyewe. Alimsimulia Malachy habari hiyo kwenye dansi ya parokia, siku ya kwanza, huku akicheza vibaya, akasema sijawahi kukosea koti, na Malachy ambaye kazi yake siku hizo ilikuwa kubandika mabango ya wagombea usiku na kubandua ya wapinzani alfajiri, akamtazama mwanamke huyu, na Mungu amsamehe, wazo lake la kwanza halikuwa macho yake. Lilikuwa kata. Aliona kata nzima imetundikwa kwenye misumari. Halafu ndipo akayaona macho… au anajidanganya, au macho aliyaona kwanza, mtu atajuaje baada ya miaka hiyo, asante mama, Mungu akuweke.

Na amefanya nini na kata hiyo? Diwani miaka kumi na tisa, na magazeti yamemtaja mara moja, wakamwandika Keenan. Mlinzi wa jumba la jiji bado anamuuliza, unakwenda kwa nani, mzee? Katika baraza amesimama kuzungumza mara mbili, mara ya kwanza kuunga mkono hoja ambayo ilikuwa imeshapita, mara ya pili kuomba dirisha lifunguliwe maana madiwani walikuwa wanazimia kwa joto, na ombi likapelekwa kwenye Kamati ya Majengo, Kamati ya Majengo ikataka maoni ya mhandisi, na dirisha mpaka leo halijafunguliwa, ingawa madiwani wengi waliokuwa wakizimia wameshakufa kwa sababu nyingine. Lakini vichochoro vina taa. Vichochoro vyote vya kata, kuanzia machinjioni mpaka mferejini, vina taa, na hilo ni yeye. Ni yeye na Delia. Ni Delia, aliyesema, Malachy, wanawake wanaotoka kiwandani usiku wanashika funguo mkononi kama kisu, kaombe taa, na usiombe barazani, kaombe msibani, mkuu wa umeme kafiwa na baba mkwe… akaenda, akapiga magoti, Salamu Maria tatu, si mbili maana mbili ni haraka, si nne maana nne ni unafiki, akasimama akashika mkono wa mkuu wa umeme akasema pole, na taa zikaja. Mambo yote ya maana ameyapata kwenye majeneza ya watu. Misiba miwili kwa jioni moja wakati mwingine, Delia kavaa kofia ya buluu mlangoni, twende, wa kwanza ni Brophy, ini, mjane anaitwa Kate, usiseme amepumzika maana walikuwa hawaelewani, wa pili ni mtoto, na huko usiseme kitu kabisa, kaa tu. Na jioni ile ya mwezi wa kumi na moja wakirudi, ngazi za mbele, alishika nguzo akasimama. Umechoka? Akasema hapana, ngazi zimeongezeka. Malachy akacheka. Akapanda zake akamwacha pale, kwa sababu kichwani alikuwa na msiba wa kesho yake.

Mlango. Baridi inaingia kwanza, miale ya mishumaa inalala ubavu, shingo zote zinageuka, na safari hii hazirudi. Vikombe vinashushwa. Kapteni anaficha birika nyuma ya mgongo, kisha anakumbuka kwamba yeye ndiye polisi, analirudisha. Hakuna maua. Malachy anatazama mikono ya Mzee Dunphy kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na mikono ni mitupu, imeshika kofia tu, na furaha inampanda kifuani kama kiungulia, amekuja, amekuja kwa miguu yake, Delia, amekuja, na anageuza kichwa kushoto kumwambia, na kushoto kuna ukuta. Mzee anapita katikati ya watu kwa hatua za mtu aliyezoea kupishwa, mfupi, amevaa koti la makaa la siku zote, anapiga magoti mbele ya jeneza na magoti yanalia, yote mawili, chumba kizima kimesikia. Loftus kule pembeni amesimama kama watu wote, na nafasi pande zake zimejaa ghafla, zimejaa mabega ya watu wanaotazama kwingine. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mzee hainuki. Ya nne, ya tano, Malachy anahesabu midomo, anasema moyoni Mzee inatosha, itaonekana unafiki, kisha anaona kwamba Mzee hahesabu. Anamtazama Delia. Anamtazama usoni kama mtu anayemtazama mtu.

Akainuka kwa kushika ukingo wa jeneza, akaja akainama sikioni kwa Malachy, sikio la kulia. "Pole, Malachy."

"Asante Mzee. Asante sana kwa kuja. Sitasahau."

"Nimekuja kwa ajili yake." Anavuta pumzi, ana pumu ya makaa. "Alikuja dukani kwangu mwezi wa kumi na moja. Alikaa kwenye benchi na watu wote, nikasema mpitisheni mke wa diwani, akakataa, akangoja zamu. Akaniambia anakufa."

Malachy anasikia neno hilo na mwezi huo vikija pamoja, na havikai pamoja, maana mwezi wa kumi na moja hakuna aliyekuwa anakufa nyumbani kwake, ni Krismasi ndipo alipomwambia, walipokuwa wanagawa mabatamzinga ya chama, akanong'ona jina likawa silo, akanong'ona tena likawa silo, ndipo akaketi juu ya kreti akasema Malachy, kuna jambo… "Mwezi wa kumi na moja?" anasema.

"Akasema, Mzee, mume wangu hajui jina la mtu hata mmoja. Nikiondoka ataaibika mchana kweupe. Usimrudishe kwenye kiti. Mtoe kwa heshima, mpe kazi isiyo na watu."

"Alisema hivyo?"

"Alisema vibaya zaidi. Mimi nimeyapiga pasi." Mzee anamshika bega. Kwa wanaotazama ni bega la mtu aliyerudishwa kitini, Malachy anawaona wakitabasamu. "Kuna kituo cha kusukuma maji, kule ziwani. Mwangalizi. Unaangalia mtambo, mtambo hauna mama mgonjwa. Kuanzia mwezi wa nne. Loftus atachukua kata."

"Loftus anajua nini, Mzee? Loftus anajua watu wa hapa?"

"Loftus ni mjinga kama wewe," Mzee anasema kwa upole wa kweli, "ila mkewe ana afya." Halafu sauti inashuka zaidi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote inakuwa ya mzee wa kawaida mwenye duka. "Nilimwambia, Delia, basi gombea wewe, wanawake siku hizi wanapiga kura, mambo yamebadilika. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Mzee, nimechoka na watu, sitaki kumjua mtu mwingine tena." Akavaa kofia. Akaitikia kwa kichwa kwa Winnie, kwa kapteni, hakuitikia kwa Loftus, mambo ya utaratibu hayo, Alhamisi bado haijafika, na mlango ukalia na baridi ikaingia na mishumaa ikalala na kusimama tena.

Na mstari unasogea, mikono sasa ina joto, mikono inabana, pole Mheshimiwa, Mungu yu pamoja nawe Mheshimiwa, tutakuwa pamoja Februari Mheshimiwa, wanampongeza, watu wanampongeza mbele ya maiti ya mkewe, na hawana kosa, wameona magoti, na yeye anasema asante ndugu yangu huku akitafuta hasira, anaitafuta kila mahali kama mtu anayetafuta miwani, alikwenda nyuma ya mgongo wangu, aliniuza, miaka kumi na tisa, na hasira haipo, kuna kitu kingine mahali pake, kuna benchi la dukani kwa Dunphy, anaketi hapo mwanamke na kofia ya buluu kati ya mtu anayetafuta kazi ya kufagia na mjane anayetafuta makaa, anawajua wote wawili, anajua watoto wao, na anangoja zamu ili aombe asiwajue tena. Nimechoka na watu. Hakuwahi kulisema hilo nyumbani. Au alilisema. Labda alilisema sikio la kulia. Siku ngapi alimwambia Malachy nina jambo, naye akasema njiani utaniambia, na njiani walikuwa wanafanya marudio ya majina… Mzee wa makaa alijua kabla yangu. Alimwambia Mzee kwanza, jinsi unavyomwambia kwanza mtu ambaye mambo yapo mikononi mwake, na mume akamwambia baadaye, mume akawa kama mpiga kura, anajulishwa.

"Mheshimiwa." Huyu anamjua, huyu hata Delia asipokuwepo anamjua, ni Baltrus, mjumbe wake wa mitaa ile ya machinjioni, kifua kama pipa, machozi ya kweli machoni, ameinama anaficha mdomo kwa kofia. "Hongera, nimeona. Sasa sikiliza, si mahali pake lakini muda ni mfupi. Jina la mama kwenye daftari la wapiga kura. Tuliache?"

"Tuliache vipi?"

"Libaki. Kama wale wengine." Katika kata ile marehemu wana utii kuliko walio hai, hawalalamikii taka, hawahami, na siku ya uchaguzi wanafika mapema, Baltrus ndiye anayewaamsha. "Atapiga kura Februari kama kawaida. Nimempangia wa saa mbili asubuhi, asikae kwenye baridi. Ni heshima, Mheshimiwa, si mtu yeyote ninayemfanyia hivi, nimewaambia vijana wote, mama Keegan hafutwi maisha. Angependa mwenyewe."

Na Baltrus anamaanisha, ndilo jambo la kutisha, kifua kile kinatetemeka, hajui shada jingine la kumletea marehemu, na Malachy kinywa kimeshafunguka kusema vizuri, vizuri Baltrus, asante, maana kura ni kura na kinywa hicho kimesema vizuri kwa majina mengine mengi, Brophy wa ini bado anapiga kura, mama yake Havlik atapiga mwaka huu kwa mara ya kwanza tangu azikwe… na anamwona Delia ameamshwa saa mbili asubuhi, theluji, kanzu ya gunia, amesimama kwenye foleni ya shule ile ya kupigia kura, na watu mbele yake na watu nyuma yake, na kila uso anaujua.

"Mfute," anasema.

"Mheshimiwa?"

"Mfute, Baltrus. Leo hii. Amechoka."

Baltrus anamtazama kama mtu aliyetukaniwa zawadi yake, anaondoka pembeni kuvaa kofia, kisha anakumbuka yupo wapi, anaivua. Malachy hajui kama amefanya jambo dogo au kubwa. Ndiyo kura ya kwanza aliyoitupa kwa mkono wake katika maisha yake, na kifuani mahali fulani kitu kimelegea, kitu kimeachia kama kifungo cha kola, na hapo hapo maumivu yameingia, maumivu yenyewe hasa, ambayo siku mbili hizi yalikuwa yamesimama mlangoni yakingoja zamu nyuma ya Mzee Dunphy. Asante mama, anasema, kwa kuwa mkono mwingine umeshafika, mkono mwekundu uliovimba, ngozi imekwajuka kwa maji na magadi, mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheusi, haongei vizuri lugha ya hapa, Mpolandi, au Mcheki, asante kwa kuja mama, unakaa mtaa gani?

"Mimi si wako, bwana," anasema yule mwanamke. "Mimi ng'ambo ya mfereji. Kwa diwani mwingine. Na kura sina, karatasi za uraia bado."

Na mkono wa Malachy unafanya wenyewe kazi uliyofundishwa, wa kulia unashika na wa kushoto unasukuma kiwiko, taratibu, kuelekea jikoni kwenye chai, mtu asiye na kura anapewa muda wa kushika na kuachia, mkono unasukuma, na Malachy anautazama mkono wake mwenyewe unavyosukuma, na anausimamisha. "Ulimjuaje, mama?"

"Sikumjua. Nina chumba cha kufulia, chini, ngazi unashuka. Siku moja alipita, akauliza anaweza kukaa. Nikasema kaa. Baadaye akawa anakuja."

"Kufanya nini?"

"Kukaa." Mwanamke anainua bega, ni swali la ajabu. "Juu ya kapu la mashuka. Pana joto. Miaka mitatu hivi. Jina hakusema, mimi sikuuliza. Leo nimeona gari la maiti limesimama, nikauliza ni nani, wakaniambia, nikaona kofia yake kwenye msumari hapo mlangoni. Jina nimelijua leo."

Miaka mitatu. "Alikuwa anasema nini?"

"Hasemi. Mara moja alisema kwake kuna watu wengi." Kisha, kwa kuwa bwana huyu hamwachii mkono na inabidi aongeze kitu: "Alikuwa analala."

"Mchana?"

"Anavua viatu, anaweka miguu kwenye bomba la moto, analala. Mimi napiga pasi."

Nyuma ya yule mwanamke mstari umesimama, umefika mpaka uani, watu wanakanyagakanyaga theluji, wapiga kura wote hao, kapteni anakohoa kikohozi cha serikali, Winnie ananong'ona shemeji, watu wanangoja, na Malachy anasema wangoje, kwa sauti ya kawaida, kila mtu amesikia, anainuka kwenye kiti cha jikoni anamketisha yule mama juu yake, yeye anasimama mbele yake, mgongo kwa mstari, na kwa sababu amesimama hivyo hana pengine pa kutazama, anamwona Delia usoni. Uso mdogo. Uso wa mtu ambaye hakuna anayemdai jina la mtu.

"Alikuwa anakoroma?" anauliza.

Mwanamke anafikiri. Ni mtu anayetaka kusema kweli.

"Kidogo," anasema. "Si vibaya. Mimi nilikuwa napenda."

Naye Malachy hakuwahi kujua, nyumbani hakukoroma, nyumbani alilala kama mtu aliyevaa tayari, na mtu wa nyuma anasema tena Mheshimiwa, Mheshimiwa, na Malachy anainama ili asikie vizuri, anasema endelea mama, alikuwa akiamka, alikuwa anaamkaje…